Egemeo la Mzee Moriyama

Siku ile mpumbavu alikuwa Hafidh. Tuliseme mapema tusije tukazungushana, maana hata mwenyewe hakatai. Mkute leo umuulize, atacheka mpaka ashike mbavu, akwambie, "Siku ile? Siku ile mpumbavu nilikuwa mie, tena wa kupewa cheti." Lakini asubuhi ile ya Alhamisi, Februari ya mwaka 2006, hakuwa na habari. Alikuwa anapiga mluzi.

Alikuwa peke yake katika karakana ya Charanjit Singh, mtaa wa Digbeth, mjini Birmingham, nyuma ya kituo cha mabasi ya safari, ndani ya ghala kuukuu la matofali ambamo kila treni ikipita juu ya daraja, vumbi la miaka mia hudondoka kutoka darini. Charanjit, Singasinga wa Nakuru aliyeiacha Kenya akiwa kijana lakini Kiswahili chake kikakataa kumwacha, alikuwa ametoka kwenda kuchukua ngozi ya kikalio. Mbele ya Hafidh palikuwa na kiti chenye baba wawili. Miguu na mikono yake ilichorwa na Wadani wa Copenhagen, na Hafidh mwenyewe ndiye aliyeichonga. Egemeo lilichongwa na Mzee Moriyama, fundi wa milimani huko Japani, likaletwa kwa ndege ndani ya kasha. Saa kumi jioni pande zote mbili zingekutana hapo, Birmingham, nusu ya njia, mahali ambapo hapana anayekuwa mgeni kwa mwenzake. Kiti kikiwaridhisha, wangetia saini ya kutengeneza samani pamoja kwa miaka mitano.

Hafidh alipofungua kasha aliingiwa na huruma. Mbao ya mzee ilikuwa tupu. Haina vanishi, haina mafuta, haina hata nta. Tena pale egemeo linapoungana na nguzo zake, vijiti viwili vilikuwa vimechomoza nje kiasi cha unene wa sarafu mbili, kama kwamba mtu alitaka kuvikata akaitwa kula.

"Masikini mzee wa watu," alijisemea. "Wamemharakisha."

Ndani ya kasha kulikuwa na karatasi ya maandishi ya Kijapani, mazuri kama nakshi. Hafidh aliitazama hivi, akaigeuza akaitazama vile, akaikunja mara nne akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Kisha akachukua msasa.

Alifanya kazi dakika arobaini, na alifanya vizuri, hilo nalo tumpe haki yake. Alipiga msasa mpaka mbao ikawa laini kama shavu la mtoto. Akavikata vijiti vikawa sawa na ubao. Akaosha kwa maji ya sabuni kama Wadani wanavyoosha mbao zao, ikawa nyeupe, ya kupendeza. Muda wote alikuwa akimwona Nasreen akiingia, akitabasamu, akisema lile neno lake, "Hafidh, wewe!" Usiku uliopita Nasreen alimwambia kwenye simu, "Kesho kila kitu kiwe sawasawa. Nakuomba." Na Nasreen akisema nakuomba, Hafidh angepiga msasa daraja la treni.

Nasreen aliingia saa nne, mwavuli ukidondosha maji, koti lake la zambarau limelowa mabegani. Huyu ndiye aliyezishikilia pande mbili zisiachane. Alisoma Kijapani chuoni, akaishi Osaka mwaka mmoja, na Wadani walimwajiri awe mkalimani wao. Ila maneno ndiyo yaliyokuwa mepesi. Mzigo ulikuwa ukimya. Novemba iliyopita Birgitte, bosi wa Kidani, mama asiyejua kuzungusha jambo, aliuliza kama egemeo linaweza kufanywa jembamba zaidi. Mzee Moriyama akavuta pumzi kati ya meno akasema itakuwa ngumu kidogo, maana yake kwao haiwezekani. Birgitte akaandika: amekubali, ni ngumu kidogo tu. Ilimchukua Nasreen wiki tano kuushona mpasuko huo.

"Umewahi," alisema, na macho yake yakakaa usoni pa Hafidh kidogo kuliko inavyohitajika kwa salamu.

"Nimewahi, na nimemaliza. Njoo uone. Fumba macho kwanza."

"Sina muda wa kufumba macho leo."

Akaona. Mwavuli ukaanguka.

Alikisogelea kiti polepole, kama mtu anayemwendea mgonjwa. Akapitisha kidole juu ya egemeo, akakirudisha, akakipitisha tena. Hafidh alikuwa bado anatabasamu. Masikini, tabasamu lilikuwa halijapata habari.

"Nani kapiga msasa?"

"Mimi. Lilikuja halijakwisha, nikaona..."

"Vijiti viko wapi?"

"Nimevikata. Vilikuwa vimechomoza."

"Na karatasi? Palikuwa na karatasi."

Hafidh alitazama mguu wa meza. Nasreen akafuata macho yake, akainama, akaichomoa. Meza ikayumba. Aliisoma kimya, kisha akamsomea kwa sauti isiyokuwa na kitu ndani yake:

"'Uso huu umemalizwa kwa randa tu. Tafadhali usiguswe kwa msasa. Vijiti vimeachwa virefu ili mkono wa anayekaa uvikute.'" Akaikunja karatasi. "Randa yake, Hafidh, inakata uzi mwembamba hata gazeti unalisoma ng'ambo yake. Mbao inang'aa yenyewe, haihitaji kitu. Ametumia siku nne. Siku nne! Wewe umemkwangua mzee wa watu kwa dakika ngapi?"

"Arobaini," alisema Hafidh, akatamani angesema namba nyingine.

Treni ilipita juu. Vumbi likadondoka juu ya egemeo, na wote wawili wakanyoosha mikono kulifuta, vidole vikagusana. Wiki iliyopita vidole hivyo vingekaa. Leo Nasreen alivuta vyake kama aliyeungua.

"Nikuulize kitu," alisema, "na unijibu ukinitazama. Saini ikitiwa leo, mimi nakwenda Copenhagen miaka miwili. Unajua?"

"Najua."

"Jumapili, kwenye kituo cha basi, nani aliniambia nisiende?"

"Nasreen..."

"Nani aliyenishika mkoba akasema, 'Miaka miwili ni mingi, nyumbani kwenu watakuoza, na mimi niko chumbani kwangu Aston nasikiliza mechi ya uwanjani kupitia dirishani'?"

"Ni mimi. Lakini..."

"Basi. Umefanya makusudi?"

Hafidh alifungua mdomo. Aliwahi kufukuzwa kazi katika viwanda vitatu, aliwahi kulala wiki mbili kwenye sakafu ya rafiki na kula maharage ya kopo bila kuyapasha moto, na hakuna hata siku moja kati ya hizo iliyompiga kifuani namna ile.

"Wallahi sikujua," alisema.

"Hukujua. Haya. Na ungejua?"

Hakujibu upesi. Na huko kuchelewa kwake, nusu sekunde tu, Nasreen alikuona, maana kusoma ukimya ndiyo kazi aliyolipwa kuifanya.

Charanjit alirudi na ngozi begani, akasimama mlangoni, akaangalia kiti, akaangalia nyuso mbili.

"Sasa hii ni nini?" alisema. "Nimetoka saa moja tu, narudi hapa ni kama matanga. Wewe kijana, umefanya nini?"

Wakamweleza. Akaketi juu ya debe la gundi.

"Mungu wangu. Kwani mikono yako haiwezi kukaa bure hata siku moja? Watu wengine wakipenda wananunua maua. Maua! Wewe unapenda na msasa!"

"Mzee Charanjit, usinichekeshe, nitalia."

"Sileti vichekesho, bana. Saini ikikosekana, hii karakana nayo inakufa." Akajikuna ndevu. "Sikia. Ndege, kasha, watu wa mizigo. Vitu vinaharibika njiani kila siku. Tunasema imefika hivi."

Nasreen aliinua uso. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile kulikuwa na tumaini machoni mwake, na Hafidh alipoliona ndipo alipoogopa kweli.

"Mtu wa mizigo hakati vijiti kwa msumeno," alisema Hafidh.

"Anaweza kuwa mtu wa forodha," alisema Nasreen. "Wanafungua makasha. Mimi nikitafsiri kwa upole..."

"Utamwambia uongo mzee huyo kwa Kijapani chake mwenyewe?"

"Nitamwambia chochote kitakachonipa kesho!" Sauti yake ilipasuka. "Wewe unadhani nakwenda Copenhagen kutazama theluji? Leo usiku kwetu inakuja familia ya mfamasia kuniposa. Sijamwona hata picha. Nikiwa na kazi hii nina cha kuwaambia: nasafiri, nimetia saini, ngojeni. Nisipokuwa nayo niwaambie nini? Kwamba namngoja seremala? Kaka yangu Idarous ashasema, binti wa masharifu haendi kwa mtu anayekwenda nyumbani na vumbi la mbao masikioni."

Hafidh alijigusa sikio. Lilikuwa na vumbi.

"Na unajua wanavyonisema mtaani kwetu Harborne," aliendelea, polepole sasa. "Mwaka juzi yule kijana wa Leicester, mahari imekubaliwa, siku tatu kabla ya kuvishwa pete kila kitu kikavunjika. Wote wanasema Nasreen ana kiburi, Nasreen kamkataa. Mama yake hanisalimii mpaka leo."

"Uliniambia hukumkataa."

"Sikumkataa. Nami nilipata habari mambo yalipokwisha kuvunjika." Akaipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nimekuja kujua mwezi uliopita ni nani aliyewapigia simu wakavunja. Acha. Si habari ya leo."

Hafidh alilichukua egemeo, akaligeuza huku na huku akitafuta sehemu hata ya upana wa kiganja ambayo msasa wake haukufika. Hakuipata. Alikuwa fundi mzuri mno.

Saa zile zilikwenda namna saa zinavyokwenda usipozitaka. Saa sita. Saa nane ndege ya wageni ilitua. Charanjit alichemsha chai ya maziwa na tangawizi, hakuna aliyekunywa. Nasreen alikaa dirishani akirudia maneno kwa Kijapani chini ya pumzi, na Hafidh, bila kuijua hata herufi moja, alifahamu kwamba hayo ndiyo maneno ya mtu wa forodha.

Saa tisa na nusu mlango ukagongwa. Hawakuwa wageni. Alikuwa Idarous, kaka mkubwa, koti jeusi, viatu vinavyong'aa, manukato yake yameingia kabla yake. Alikuwa na duka la uturi na vitambaa, na sura ya mtu ambaye hajawahi kuokota kitu sakafuni.

"Asalaam alaykum. Nasreen, nimekuja kukuchukua. Wageni wa mama wanafika saa moja, na mama anataka uoge kwanza."

"Kikao changu bado, kaka. Saa kumi."

"Nitangoja." Akatafuta pa kukaa, akaona kila mahali pana vumbi, akasimama. Macho yake yakamshukia Hafidh, yakaanzia kwenye viatu. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, Sharifu."

"Nimekusikia."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema amesikia kuna panya.

Wakaja. Birgitte mbele, mrefu, nywele fupi za fedha, akampa kila mtu mkono na kumwita kwa jina lake la kwanza, Charanjit, Hafidh, hata Idarous, aliyemuuliza jina hapo hapo. Nyuma yake Mzee Moriyama, mdogo, amevaa kofia ya sufu, mkononi amebeba kifurushi cha kitambaa cha bluu. Aliinama. Charanjit aliinama zaidi, kilemba kikakaribia meza. Kisha mzee akaliendea egemeo lake.

Alilitazama kwa mbali. Akasogea. Akaweka dole gumba mahali palipokuwa na kijiti cha kwanza, akalitelezesha mpaka cha pili. Hakukuta kitu. Akavuta pumzi kati ya meno.

Hafidh alisikia maji yakidondoka kwenye mfereji wa nje. Alimwona Nasreen akilamba midomo, akiinua kidevu, akianza:

"Moriyama-san..."

"Nasreen, ngoja," alisema Hafidh kwa Kiswahili. "Usimtafute mtu wa forodha. Mwambie ni mimi."

"Hafidh, nyamaza. Nakusihi."

"Mwambie nililiona tupu, nikadhani hajamaliza. Karatasi yake nimeiweka chini ya meza. Mwambie hakuna mwingine, na wewe hukuwepo. Yote, kama nilivyosema, usiyapake sukari."

Walitazamana. Katika macho ya Nasreen kulikuwa na hasira, na hofu, na kitu kingine nyuma yake ambacho Hafidh hakuthubutu kukipa jina. Kisha akamgeukia mzee, akatafsiri. Ilikuwa ndefu. Mwishoni mkono wake ukafanya ishara ya karatasi ikikunjwa mara nne.

Akamweleza na Birgitte, kwa Kiingereza.

"Basi limeharibika," alisema Birgitte, wazi kama Wadani wanavyosema. "Si zuri tena. Ni zuri la kawaida. Na bila egemeo siwezi kutia saini."

Mzee Moriyama alifungua kifurushi chake cha bluu. Ndani palikuwa na randa, kipande cha mbao chenye wembe mmoja, bila mpini. Akachukua kipande cha mwaloni kutoka kwenye takataka za Hafidh mwenyewe, akakibana mezani, akamkabidhi randa.

Hafidh aliishika, akaisukuma kama alivyosukuma randa tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, Tanga, kwa fundi wake wa kwanza. Ikakwama, ikakwangua. Mzee akatikisa kichwa. Akazunguka nyuma yake, akaigeuza, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Hafidh, akavuta. Uzi wa mbao ukatoka, mrefu, mwembamba kama utepe wa hariri, ukaanguka kwenye kiatu cha Idarous.

Mzee akazungumza, kifupi. Nasreen alichelewa kutafsiri.

"Anasema... anasema amefanya kazi na watu wengi wa nje. Vitu vyake vimeharibiwa mara nyingi. Kila mara aliambiwa ni meli." Akamtazama Hafidh. "Anasema atakaa wiki tatu hapa. Egemeo litafanywa upya, katika karakana hii. Na huyu atavuta randa mpaka ajue kitu kikiwa kimekwisha."

Birgitte alifikiri, akatazama shajara yake. "Wiki tatu. Saini baada ya wiki tatu, kama kiti ni kizuri. Kama si kizuri, hapana saini. Nasreen, Copenhagen nayo ingoje mpaka hapo."

Charanjit akapiga makofi, akawachukua wageni wawili upande wa pili kuwapa ile chai. Wakabaki watatu.

Na hapo Idarous, aliyekuwa akingoja zamu yake, akacheka kidogo.

"Kazi nzuri, fundi. Hukutaka aondoke, na haondoki. Ungekuwa na akili kidogo ningekuogopa."

Nasreen hakumtazama kaka yake. Alimtazama Hafidh. "Jibu lile swali la asubuhi," alisema. "Ungejua?"

Hafidh aliweka randa chini taratibu.

"Ningejua nisingegusa. Hiyo ni haki ya Mungu. Lakini Birgitte aliposema wiki tatu, moyo wangu ulicheza. Sitakuficha. Nimekuharibia siku yako na bado moyo wangu ulicheza. Ukitaka kunichukia, una sababu ya kutosha, na mimi nitavuta randa hivyo hivyo, ili egemeo liwe zuri na uende."

Nasreen alifunga macho, akayafungua. Uso wake ulikuwa umelegea namna ambavyo haukuwa tangu saa nne.

"Umemsikia?" alisema Idarous. "Kakiri mwenyewe! Chukua koti lako, twende. Mama kapika tangu alfajiri, watu wa mfamasia wako njiani, na mimi siwezi kwenda kukaa nao niwaambie dada yangu kamwacha mtu wa dawa kwa ajili ya mpumbavu asiyejua kiti kimekwisha au hakijakwisha. Watu watatucheka Harborne nzima! Mtu kaharibu kazi ya watu mbele ya macho yetu, na wewe unamtazama hivyo?"

"Namtazamaje?"

"Unajua unavyomtazama. Twende."

Nasreen alilichukua koti la zambarau. Lakini hakulivaa. Alilikunja juu ya mkono wake, akasogea mpaka akawa mbele ya kaka yake, karibu, na sauti yake ikawa ile anayoitumia kutafsiri, tulivu, neno baada ya neno.

"Huyu kaharibu ubao, akasema mbele ya kila mtu: ni mimi. Wewe uliwapigia simu watu wa Leicester ukavunja uchumba wangu, ukasema: ni Nasreen kakataa, na miaka miwili umeniacha nitukanwe. Sasa nioneshe, kaka, kati yenu wawili, mpumbavu nisiyepaswa kukaa naye meza moja leo usiku ni yupi."